Foleni ya barua pepe zinazotoka kwenye Unix: Postfix, Exim, OpenSMTPD, au kitu kidogo zaidi?

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, kebo mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilikatika, na intaneti ikawa ya kusuasua Tanzania, Kenya na kwa majirani. Wengi waliijua habari hiyo kwa WhatsApp iliyogoma kupeleka picha. Mimi niliijua kwa `mailq`, amri inayoonyesha barua pepe zinazosubiri kutumwa:

```
$ mailq
-Queue ID-  --Size-- ----Arrival Time---- -Sender/Recipient-------
7C41E2A0B3      1874 Sun May 12 14:26:07  ankara@example.org
(connect to smtp.example.net[192.0.2.25]:587: Connection timed out)
                                         mteja@example.com
```

(anwani nimebadilisha), na nyingine za aina hiyo zikafuatana hadi mwisho wa skrini. Ankara zote za mchana ule zilikuwa zimelala kwenye diski, kila moja na sababu yake imeandikwa chini yake. Sikugusa kitu. Njia ilipofunguka ziliondoka zenyewe, moja baada ya nyingine, na hakuna mteja aliyepiga simu.

Seva ya pili, iliyo kwenye kabati hilohilo, ilikuwa na hadithi nyingine. Hiyo niliiwekea ssmtp, programu ndogo ya kutuma barua, kwa mikono yangu mwenyewe, kwa sababu ilikuwa nyepesi na nilikuwa na haraka. ssmtp haina foleni: inajaribu mara moja, ikishindwa imeshindwa. Bekapu ya Jumapili usiku iligoma, na ujumbe wa kunijulisha ukaishia kwenye faili la `dead.letter` ambalo halisomwi na mtu. Niligundua Jumatano.

Ndiyo maana ulinganisho huu hauulizi ni programu ipi inatuma haraka. Mtandao ukiwa mzima zote zinatuma. Ninachouliza ni cha siku mbaya: barua inakaa wapi, nani anaijaribu tena, kila baada ya muda gani, inakata tamaa lini, na je, kuna mtu atakayeambiwa?

Mlango ni mmoja

Habari njema kwanza. Tangu Eric Allman alipoandika Sendmail kule Berkeley mwanzoni mwa miaka ya 1980, programu za Unix zimezoea kukabidhi barua kwenye amri moja, `/usr/sbin/sendmail`. `cron`, inayoendesha kazi kwa ratiba, inagonga hapo, PHP inagonga hapo, hati yako ya bekapu nayo hivyohivyo. Programu zote nitakazozitaja zinaweza kusimama nyuma ya mlango huo na kujibu kwa jina hilo. Kwa hiyo ukichagua vibaya leo, kesho utabadilisha bila kugusa mstari wa msimbo wa mfumo wa ankara.

Jambo la pili la kujua kabla ya kuchagua ni jinsi seva ya upande wa pili inavyojibu. Jibu linaloanza na 4 maana yake ni "njoo baadaye", na barua inabaki foleni. Linaloanza na 5 maana yake ni "usirudi", na barua inarudishwa kwa aliyeituma. Kunyamaza kabisa, kama siku ile ya kebo, kunahesabiwa kama 4. RFC 5321, waraka unaoeleza itifaki ya SMTP, unashauri kusubiri angalau dakika 30 kabla ya kujaribu tena na kutokata tamaa kabla ya siku 4 au 5. Kila programu imeutafsiri ushauri huo kwa namna yake, na tofauti zinaanzia hapo.

Postfix

Wietse Venema aliiandika akiwa IBM, ikatoka mwishoni mwa 1998. Ndiyo ninayoitumia zaidi, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Foleni yake iko `/var/spool/postfix`, na si folda moja. Barua inaingilia `maildrop`, inapita `incoming`, inafika `active` ambako ndiko inakotumwa, na ikikwama inahamishiwa `deferred`. Kuna pia `hold`, ambako wewe mwenyewe unaweza kuizuia barua isiende popote mpaka uiruhusu. Msimamizi wa yote hayo ni programu moja, `qmgr`, na faida yake ni kwamba anaona foleni nzima kwa mpigo. Seva fulani isipojibu, hang'ang'anii kuibishia hodi kwa kila barua. Anaiweka pembeni kwa muda na kuendelea na wengine. Barua 200 za kwenda kwenye seva iliyokufa hazizibi njia ya barua moja ya kwenda kwenye seva iliyo hai.

Jaribio la pili linakuja baada ya sekunde 300, kisha nafasi inatanuka hadi sekunde 4000, yaani saa moja na dakika kidogo. Baada ya siku 5 inarudisha. Namba zote hizo zinabadilishika.

Kwa seva inayotuma tu na haipokei, mipangilio ya kutosha ni hii:

```
relayhost = [smtp.example.net]:587
inet_interfaces = loopback-only
mydestination =
smtp_sasl_auth_enable = yes
smtp_sasl_password_maps = hash:/etc/postfix/sasl_passwd
smtp_sasl_security_options = noanonymous
smtp_tls_security_level = encrypt
delay_warning_time = 4h
```

Mabano ya mraba kwenye mstari wa kwanza, ule unaotaja seva ya kupitishia barua zako, yanaiambia Postfix iende kwenye seva hiyohiyo bila kutafuta rekodi ya MX (ile inayotaja seva ya kupokea barua za kikoa). Ukiyaweka kwenye `relayhost`, yaweke pia vilevile kwenye `sasl_passwd`, la sivyo neno la siri halitapatikana na utahangaika nusu siku. Nimeshahangaika.

Mstari wa mwisho ndio unaostahili kusomwa mara mbili. Postfix ikitoka kiwandani, `delay_warning_time` ni sifuri. Maana yake haitoi onyo lolote. Barua ikikwama Jumatatu, aliyeituma anajua Jumamosi inaporudishwa. Hapa Exim na OpenSMTPD wana adabu zaidi.

Vifaa vya kuichungulia foleni ndivyo vinavyonifanya nisihame. `postqueue -p` inaonyesha orodha, `postcat -q` ikifuatwa na namba ya barua inaifungua barua yenyewe, `postqueue -i` inaisukuma hiyo moja tu, `postsuper -d` inaifuta, `postsuper -h` inaizuia. `qshape deferred` inakupangia zilizokwama kwa kikoa na kwa umri, na kwa mtazamo mmoja unajua kama tatizo ni lako au ni la mpokeaji mmoja. Kuna pia `postqueue -f`, ya kusukuma zote kwa pamoja. Hiyo tumia mara moja, mtandao ukisharudi. Wapo wanaoiweka kwenye `cron` kila dakika. Hao wanailazimisha Postfix kugonga milango iliyofungwa kila dakika, na wanaharibu mpangilio wote wa subira uliowekwa kwa sababu.

Exim

Philip Hazel aliianza mwaka 1995 Chuo Kikuu cha Cambridge, na watumiaji wa Debian wanaifahamu kama exim4. Watu wa cPanel, programu ya kusimamia seva za tovuti, nao wanaishi nayo kila siku.

Falsafa yake ni kinyume cha Postfix: hakuna msimamizi wa foleni. Kila barua inapoingia, inazaliwa na mchakato wake unaojaribu kuipeleka papo hapo. Ikishindikana inabaki `/var/spool/exim4/input` kama mafaili mawili, moja lenye mwisho wa `-H` kwa vichwa na lingine `-D` kwa mwili. Kisha mpita-foleni anazunguka kila baada ya muda. Kwenye Debian ni dakika 30. Kanuni ya kawaida inasema: kila dakika 15 kwa saa 2, kisha nafasi zinazokua kwa mara moja na nusu hadi saa 16 zitimie, kisha kila saa 6 mpaka siku 4. Angalia mtego: kanuni inasema dakika 15 lakini mpita-foleni anapita kila 30, kwa hiyo utapata 30.

Pale ambapo barua nyingi zinafika kwa jaribio la kwanza, mtindo huu ni mzuri na mwepesi. Foleni ikivimba kwa maelfu, kukosa msimamizi kunaanza kuonekana.

Kitu kingine cha Exim kinachowashangaza watu ni kumbukumbu yake. Inaandika kwenye hifadhidata ndogo kwamba seva fulani imeshindikana tangu lini. Ndiyo maana kwenye logi utakutana na `retry time not reached for any host`: barua mpya kabisa, haijajaribiwa hata mara moja, na tayari imewekwa kando. Na seva hiyo ikiwa imeshindikana kupita muda wote wa kanuni, barua iliyoandikwa leo inaweza kurudishwa leoleo, bila kupewa siku zake 4. Kama barua zako zote zinapitia seva moja ya kupitishia, na njia ya kuifikia ikafa wiki nzima, utaliona hilo kwa macho. Mtandao ukirudi, `exim -qff` inasukuma zote bila kujali kumbukumbu, hata zile zilizogandishwa, yaani zilizoachwa kujaribiwa.

Kwa upande wa adabu, Exim inamwonya mtumaji baada ya saa 24 bila kuambiwa. Na ina amri ninayoionea wivu, `exim -bpc`, ambayo inatoa namba moja tu: idadi ya barua zilizo kwenye foleni. Nitaeleza kwa nini namba hiyo ni muhimu.

Usiisahau historia yake ya usalama. Mwaka 2019 kulikuwa na kasoro iliyosajiliwa kama CVE-2019-10149, iliyomruhusu mtu wa mbali kuendesha amri kwenye seva, na 2021 kampuni ya usalama ya Qualys ikatangaza kasoro 21 kwa mkupuo. Kwa seva isiyosikiliza nje hatari inapungua, ila uwe mtu wa kusasisha.

OpenSMTPD

Hii ni ya watu wa OpenBSD, na kazi kubwa ni ya Gilles Chehade. Mipangilio yake unaweza kumsomea mtu kwenye simu akaielewa:

```
table siri file:/etc/mail/siri
listen on lo0
action "nje" relay host smtp+tls://ofisi@smtp.example.net:587 auth <siri>
match from local for any action "nje"
```

Kwenye Linux andika `lo` badala ya `lo0`. Foleni iko `/var/spool/smtpd`, muda wa kusubiri unaongezeka kila inaposhindwa, inakata tamaa baada ya siku 4, na inamwonya mtumaji baada ya saa 4. Hizo saa 4 ndizo ninazoziona sahihi: mtu bado yuko kazini, bado anaweza kupiga simu. `smtpctl show queue` inaonyesha, `smtpctl schedule all` inasukuma, `smtpctl pause mta` inasimamisha utumaji huku ikiendelea kupokea, kitu kizuri sana ukijua mtandao utazimwa kwa matengenezo. Januari 2020 nayo ilipata kasoro yake, CVE-2020-7247, kwa hiyo sifa ya usalama ya OpenBSD isikulaze usingizi.

Kama unaanza leo, hujui Postfix wala Exim, na una seva moja, ningekuambia uanzie hapa. Kinachonizuia mimi ni mazoea tu, pamoja na `qshape`.

Vile vidogo

nullmailer ya Bruce Guenter inafanya kitu kimoja: inapokea barua, inaiweka `/var/spool/nullmailer/queue`, na kuipeleka kwa seva kubwa uliyoitaja kwenye faili la `remotes`. Haisikilizi poti yoyote. Inaanza kwa kusubiri sekunde 60, kisha inazidisha mara mbili kila inaposhindwa mpaka ifike saa 24, na inahifadhi barua siku 7. Huko kuzidisha kuna upande wa pili: baada ya kukatika kwa siku mbili, yenyewe inaweza kuwa imelala usingizi wa saa nyingi wakati mtandao umesharudi. Iamshe kwa kuanzisha upya huduma yake.

dma, iliyozaliwa DragonFly BSD, ndiyo FreeBSD 14.0 ya Novemba 2023 iliyoiweka kuwa ya kawaida badala ya Sendmail. Nayo haisikilizi poti. Ikishindwa, mchakato uleule unabaki nyuma ya pazia ukijaribu, kuanzia dakika 5 hadi saa 3, kwa siku 5. Lakini umeme ukikata, mchakato umekufa nao. Barua ipo salama `/var/spool/dma`, ila hakuna wa kuikumbuka mpaka mtu aite `dma -q`. Iweke amri hiyo kwenye `cron`, hasa kama mtaa wenu na TANESCO mna historia.

msmtp yenyewe haina foleni, kama ssmtp. Inakuja na hati iitwayo msmtpq inayoweka barua kwenye folda ya nyumbani kwako, na unazisukuma kwa `msmtp-queue -r`. Ni ya laptopu ya mtu mmoja anayeandika barua ndani ya basi la kwenda Dodoma na kuzituma akifika. Kwa seva, hapana.

Sendmail yenyewe bado ipo, inasubiri siku 5 na kuonya baada ya saa 4 kwa mipangilio yake ya kawaida. Kama umeirithi na inafanya kazi, iache. Kama huna, usianze nayo, faili lake la mipangilio, `sendmail.cf`, si kitu cha kujifunza ukubwani.

| | Onyo kwa mtumaji | Inakata tamaa | Kuhesabu foleni |
|---|---|---|---|
| Postfix | hakuna, mpaka uliweke | siku 5 | `postqueue -j \| wc -l` |
| Exim (Debian) | saa 24 | siku 4 | `exim -bpc` |
| OpenSMTPD | saa 4 | siku 4 | `smtpctl show queue \| wc -l` |
| nullmailer | hakuna | siku 7 | `ls /var/spool/nullmailer/queue \| wc -l` |
| dma | hakuna | siku 5 | `ls /var/spool/dma/M* \| wc -l` |

Onyo nalo linapanga foleni

Sasa fikiria tena siku ya kebo. Njia ya kwenda kwa seva ya kupitishia imekufa. Saa 4 zinapita, programu yenye adabu inaandika barua ya onyo: "barua yako haijafika". Inaituma vipi? Kwa njia ileile iliyokufa. Onyo linaenda kusimama nyuma ya barua linayoizungumzia.

Ndiyo maana safu ya mwisho ya jedwali naiona na uzito kuliko mbili za kwanza. Kila seva yangu sasa ina hati fupi inayohesabu foleni kila dakika 10, na ikizidi 20 inatuma SMS kupitia modemu ya laini ya simu. Haipiti kwenye barua pepe kabisa. Exim inanipa namba kavu. Kwa Postfix na OpenSMTPD kila barua au kila mpokeaji ana mstari wake, kwa hiyo `wc -l` inatosha.

Siku hiyohiyo ilinifundisha kuhusu mahali pa seva ya kupitishia. Kebo za nje zilipokatika, mitandao ya ndani ya nchi haikufa. Barua kutoka ofisi ya Kariakoo kwenda kwa mteja wa Mwenge ingeweza kufika. Lakini zetu zote zilikuwa zinapitishwa Ulaya kwanza. Postfix ina `smtp_fallback_relay` kwa ajili ya seva ya akiba, na sasa yetu ya akiba iko Dar es Salaam. OpenSMTPD na vile vidogo havina njia nyepesi kama hiyo, isipokuwa nullmailer: ukiandika mistari miwili kwenye `remotes`, inajaribu wa pili wa kwanza akishindwa.

Ningeweka nini wapi

Mfumo wa ofisi unaotuma ankara, risiti na maneno ya siri ya muda: Postfix, na `delay_warning_time` juu. Kama ofisi hiyohiyo inatuma matangazo kwa wateja wote, yatengenezee njia yake yenye mwendo wa polepole ndani ya `master.cf`, faili la Postfix la kupanga huduma zake, ili risiti isisubiri nyuma ya tangazo la Sikukuu.

Seva ndogo ambayo kazi yake ni kukuambia diski imejaa: nullmailer kwa Linux, dma kwa FreeBSD. Laptopu: msmtpq, au Postfix yenye `defer_transports = smtp` na `postqueue -f` inayoitwa Wi-Fi ikiunganishwa. Seva iliyokuja na Exim tayari na haikusumbui: baki nayo.

Ukiendesha ndani ya kontena, folda ya foleni iwe nje ya kontena. Vinginevyo ukisasisha toleo, barua zilizokuwa zinasubiri zinaondoka pamoja na kontena la zamani, na hakuna logi itakayokuambia.

Na siku ya kuhama, imwage foleni ya zamani kwanza. Kwenye Debian, kusakinisha Postfix kunaiondoa Exim, lakini programu hizi hazisomi mafaili ya mwenzake. Endesha `exim -qff`, subiri `exim -bpc` iseme 0, ndipo uandike `apt install`. Kwenye ile seva ya ssmtp sikuwa na cha kumwaga. Nilifungua `dead.letter`, nikakuta ujumbe wa miaka miwili, wa mwisho ukiwa wa Jumapili ile, saa 8:05 usiku.